Sura ya Nne Ilitaka Matope

Riwaya yangu ilikwama kwenye sura ya nne. Mhusika mkuu, kijana wa Tanga aliyezamia Unyamwezini, alikuwa ameshapata kibarua cha kutega kamba katika vinamasi vya Louisiana, na mimi niliyemzaa sikujua hata kinamasi hicho kinanuka nini saa kumi na mbili asubuhi. Sinema zilikuwa zimenipa mamba, ukungu na wachawi. Vitu hivyo havimlishi mtu anayedaiwa kodi ya chumba. Nilitaka kujua anavaa viatu gani, analipwaje, na wenyeji wanamwitaje. Basi nikaamua kwenda kuangalia.

Mimi ni mtu wa kidato cha nne, chuo sijakanyaga. Naishi Houston, usiku nabeba maboksi katika ghala, asubuhi naandika mpaka usingizi unishinde. Kutoka Houston hadi Lafayette, mji ulio kitovu cha nchi ya Wakajuni, ni kama kilomita 350 kwa barabara kuu namba 10. Mwezi Aprili nilipata ruhusa ya siku tatu, nikaazima gari kuukuu la kaka. Mwenzangu njiani alikuwa jamaa wa Bukavu tunayefanya naye kazi. Tunaelewana kwa Kiswahili, chake cha Kongo na changu cha Tanga. Yeye riwaya haimhusu. Alikuwa amesikia kwamba kuna Wamarekani wanaoongea Kifaransa, hakuamini, akataka kwenda kujisikilizia.

Kaka alinikabidhi funguo pamoja na swali. "Sasa dogo, kitabu cha Kiswahili kuhusu Louisiana atakisoma nani? Ukiandika kwa Kiingereza si utauza hapa hapa?" Sikumjibu. Nilikuwa na kurasa 120 ndani ya madaftari manne, na kusema kweli swali lake nilikuwa nimeshajiuliza mara nyingi usiku, katikati ya maboksi. Likapanda gari pamoja nasi.

Ukishavuka Lake Charles, nchi inakuwa tambarare na mashamba yanang'aa maji. Karibu na Crowley tuliona maelfu ya vichwa vya mitego ya waya vimechomoza juu ya maji hayo, vimepangwa mistari kama watoto wa shule. Hayo ni mashamba ya mpunga. Wakishavuna, wanayafurika maji tena na kufuga kamba wa maji matamu, wale wadogo wenye koleo kama kaa, ambao hujipatia chakula kwenye mabua yanayooza. Nikaandika kwenye daftari: kibarua kinaweza kuwa shambani, si lazima porini. Hapo sinema ya kwanza ikafa.

Wakajuni wenyewe wana historia ya kupigwa teke. Mababu zao walikuwa Wafaransa walioishi Acadia, upande wa mashariki wa Kanada ya leo. Mwaka 1755 Waingereza walianza kuwafukuza, wakawapakia merikebuni na kuwatawanya huku na huko. Baadhi walifika Louisiana miaka ya 1760, na mwaka 1785 meli saba zikaleta wengine kama 1,600 kutoka Ufaransa. Jina Acadien likamegwa na midomo ya watu hadi likawa Cajun.

Katika mji wa St. Martinville, ukingoni mwa Bayou Teche, upo mwaloni mkubwa unaoitwa mwaloni wa Evangeline. Evangeline ni msichana wa kubuni, katika utenzi alioutoa Mmarekani Longfellow mwaka 1847 kuhusu kufukuzwa huko. Longfellow hakuwahi kufika Louisiana. Hata hivyo msichana wake ana mti, na ana sanamu kando ya kanisa, na uso wa sanamu hiyo ni wa Dolores del Río, mwigizaji wa Mexico aliyecheza sinema ya Evangeline mwaka 1929. Nilicheka kwanza. Kisha nikaingiwa na woga. Mtu wa mbali amekaa mezani kwake, ameandika, na wenyeji wamepokea hadithi na kuisimamisha uwanjani. Kumbe anayeandika kuhusu watu anaweza kuwapa sura ambayo wataivaa miaka mia na ushee.

Yupo mwingine aliyefanya kinyume. Ernest Gaines, mtu mweusi, alizaliwa mwaka 1933 kwenye shamba la kitumwa la zamani katika jimbo hilo hilo. Akiwa na miaka 15 alihamia California, akaingia maktaba kutafuta vitabu vinavyowaeleza watu wa kwao, hakuvikuta. Akaanza kuviandika. Mwaka 1963 alirudi Louisiana akakaa miezi sita, akila na kusikiliza, na mwaka uliofuata riwaya yake ya kwanza ikatoka. Alifariki mwaka 2019. Chuo kikuu cha Lafayette kina kituo chenye jina lake. Nilipita nje ya maktaba yao nikiwa na matope kwenye viatu, nikaona si vibaya kwa mtu wa kidato cha nne kusimama pale dakika tano.

Siku ya pili tuliingia Atchafalaya, kinamasi cha mto kikubwa kuliko vyote Marekani. Barabara kuu inakivuka kwa daraja la kilomita 29 hivi, lililofunguliwa mwaka 1973, na ukiwa juu unaona vilele vya miti na maji tu. Sisi tuliteremka Henderson, tukapanda tuta la kuzuia mafuriko, na upande wa pili mzee mmoja wa miaka themanini na kitu akatuchukua kwenye boti yake ya alumini.

Sasa najua kinanuka nini: petroli, chambo cha samaki waliochacha, na majani yaliyolowa. Miti ya saiprasi imesimama ndani ya maji, mizizi yake imechomoza kama magoti, na ndivyo wanavyoiita, magoti. Mtu wa Tanga hapo anaona mikoko. Matawini zinaning'inia ndevu za kijivu za mmea usio na mizizi ardhini. Mamba tulimwona mmoja, pua pana kama koleo la zege, amelala, hana habari na sisi. Kilichomsumbua mzee zaidi ya mamba ni magugu maji, yale yale yanayowatesa watu wa Ziwa Victoria. Yapo Louisiana tangu miaka ya 1880. Mwaka 1910 mbunge wao mmoja, Robert Broussard, alipeleka muswada Washington ili waletwe viboko kutoka Afrika wayale. Muswada haukupita. Fikiria, msomaji, viboko wetu wangekuwa Wamarekani kabla yetu.

Mzee alituonyesha pia upande ulikokuwa Bayou Chene. Kilikuwa kijiji chenye shule, kanisa na maduka. Baada ya mafuriko makubwa ya Mississippi ya mwaka 1927, serikali ilijenga matuta na kuelekeza maji ya ziada upande huu. Maji yakaja na tope lake mwaka baada ya mwaka, watu wakahama, na leo kijiji kiko chini ya zaidi ya mita 3 za udongo. Tulikuwa tunatazama miti michanga tu.

Kule ndani mwenzangu alimsalimia kwa Kifaransa. Mzee akazima injini. Wakaanza polepole, kila mmoja akimrudisha mwenzake nyuma, halafu wakashika kasi wakanisahau. "Huyu muzee iko anasema Kifaransa ya zamani sana," mwenzangu akanigeukia, macho yamemtoka. Baadaye akanifasiria. Mzee alianza shule akiwa hajui Kiingereza. Katiba ya Louisiana ya mwaka 1921 ilikuwa imeamuru kufundisha kwa Kiingereza tu, na mtoto aliyeponyokwa na neno la Kifaransa hata uwanjani aliadhibiwa. Yeye alipigwa rula vidoleni. Aliapa wanawe hawatapitia hayo, akawalea kwa Kiingereza. Mwaka 1968 jimbo liliunda baraza la kukiendeleza Kifaransa, CODOFIL, na leo kuna shule zinazofundisha kwa lugha hiyo. Lakini wajukuu zake, alisema, wanamwelewa wakiwa na njaa tu.

Mwenzangu alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Miye walinipiga fimbo juu nilisema Kiswahili, ili niseme Kifaransa. Yeye walimupiga juu ya Kifaransa kile kile."

Nami nikakumbuka sekondari yangu, kibao cha mbao tulichovishwa shingoni ukikamatwa na Kiswahili, unatembea nacho mpaka umnase mwenzako. Watu watatu ndani ya boti moja, mabara mawili, na kosa letu lilikuwa moja: kuongea kama mama zetu.

Injini ikiwa imezimwa tulisikia chura akinguruma chini ya magugu. Mzee akasema "ouaouaron". Tamka wawaroni, taratibu, utamsikia chura mwenyewe. Nikamwomba anitajie kwa Kiingereza ili niandike. Akataja. Lilikuwa jina tu, halikunguruma. Ndege wa usiku, mnyama anayeiba mitego, kila kimoja alikuwa na neno lake, na kila alipolivusha kwenda Kiingereza kwa ajili yangu alipunguza sauti, kama mtu anayesoma risiti.

Jioni tulikula gumbo, mchuzi mzito wa kamba na wali. Jina hilo hufuatiliwa hadi lugha za Kibantu za Angola, ambako bamia ni kingombo. Lilivuka bahari na watumwa, likapoteza ki- yake njiani, likabaki chunguni.

Pale mezani ndipo nilipopata la kumwambia kaka. Kijana wangu wa Tanga atakapomsikia yule chura gizani, ataogopa kwa Kiswahili. Atahesabu magunia yake kwa Kiswahili, atamtukana msimamizi kimoyomoyo kwa Kiswahili, na siku bei ya kamba ikishuka ataitafuta methali ya bibi yake, si ya mtu mwingine. Nikimwandika kwa Kiingereza nitakuwa nimemvisha kibao. Wasomaji wa Houston watanisamehe. Akitokea wa kunitafsiri, karibu.

Kaka hakuridhika. Alisema maneno hayo hayalipi bili ya umeme, na kwa hilo yuko sahihi, maana usiku ule ule nilirudi kwenye maboksi. Lakini sura ya nne imekwisha, kurasa 31, na ya tano imeanza. Kwa nyinyi mnaoandika huko nyumbani na hamna gari la kuazima: mafuta ya siku zile tatu yalinigharimu pesa, lakini neno la chura nililipata bure, kwa mzee aliyekuwa na hamu ya kuulizwa. Wazee wa namna hiyo mnao mtaani. Nendeni mapema.