Mbwa wa Birmingham na mbwa wa Bugarama

Septemba 2023 kila simu hapa Birmingham ilikuwa na video ileile: mbwa amemrukia msichana wa miaka 11 mtaa wa Bordesley Green, na wanaume waliokimbilia kumwokoa wakageuziwa meno wao. Suella Braverman, waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, akasema ameomba ushauri wa haraka ili mbwa wa namna hiyo wapigwe marufuku. Haikupita wiki, katika kijiji cha Stonnall, kaskazini ya mji wetu, mwanamume mmoja akashambuliwa na mbwa wawili, akafa. Kesho yake Waziri Mkuu Rishi Sunak akatangaza kwamba mbwa aina ya XL Bully watakuwa marufuku kabla ya mwaka kwisha.

Nilimsimulia shangazi yangu kwenye simu. Yeye yuko Bugarama, Burundi. Si ile ya Muramvya, kwenye njia panda inayojulikana na kila dereva wa lori, bali Bugarama ya uliokuwa mkoa wa Rumonge, ambayo vilima vyake vinashuka hadi Magara, kwenye Ziwa Tanganyika. Nikaanza kumweleza kichwa cha yule mbwa, kifua chake, uzito wake. Akanikatiza: "Sasa mwanangu, ni mbwa wa nani?"

Huku swali la kwanza lilikuwa la mbegu. Sheria ya Mbwa Hatari ya 1991 ilitaja mbegu nne: pit bull terrier, tosa wa Japani, dogo wa Argentina na fila wa Brazili. XL Bully ameongezwa juu ya hao. Tangu 31 Desemba 2023, katika England na Wales, ni kosa kumuuza, kumzalisha au kumtoa nje bila kamba na kifunga mdomo. Tangu 1 Februari 2024 ni kosa hata kumfuga bila cheti maalumu, na anayepewa cheti lazima mbwa wake ahasiwe, awekewe chipu na akatiwe bima. Walioandikishwa walipita elfu hamsini. Na kwa kuwa chama kikuu cha mbwa cha hapa, Kennel Club, hakimtambui XL Bully kuwa mbegu, serikali ililazimika kuandika vipimo: dume kuanzia sentimita 51 begani, jike 48, kichwa kizito, kifua kipana. Maana yake mbwa wawili wa tumbo moja wanaweza kutenganishwa na tepu, mmoja halali na mwingine haramu.

Waliofiwa waliopigania marufuku hiyo nawaheshimu, na sitasema mbegu si kitu. Marekani, wataalamu waliochambua vifo 238 vya kati ya 1979 na 1998 waliona zaidi ya nusu vikihusishwa na mbwa wa jamii ya pit bull na rottweiler. Mbwa wa kilo 50 akishakamata, kumwachisha ni kazi ya watu kadhaa. Lakini katika vifo hivyohivyo zilitajwa mbegu zisizopungua 25. Mwaka 2013 ukatoka uchunguzi mwingine, wa vifo 256 vya 2000 hadi 2009, na huo ndio ulionifungua macho. Mbegu ya mbwa iliweza kuthibitishwa katika asilimia 18 hivi tu. Yaliyojirudia ni mengine. Katika asilimia 87 hapakuwa na mtu mwenye nguvu karibu wa kuingilia kati. Katika asilimia 85 aliyeuawa hakuwa na mazoea na mbwa yule. Katika asilimia 76 mbwa alikuwa akifugwa mbali na watu, kwenye mnyororo au uani, bila kuzoeshwa maisha ya nyumbani. Uholanzi nayo iliwahi kumpiga marufuku pit bull mwaka 1993. Ilipofika 2009 ikaifuta sheria hiyo, kwa sababu watu waliendelea kuumwa kama zamani. Shangazi, ambaye hajawahi kumwona XL Bully, aliuliza swali lililo karibu zaidi na ukweli kuliko vipimo vyote vya serikali.

Kwetu, hata hivyo, hata swali hilo halitoshi. Mbwa wa vilima vya Bugarama ni mwembamba, wa rangi ya udongo, mkia umejikunja, hana mbegu ya kuandikwa popote. Analala nje ya rugo, yaani ua wa nyumba, anawabwekea wapitao, anawafuata watoto wanaochunga mbuzi. Hana uzito wa kumwangusha mtu mzima. Anachoweza ni kumkwaruza mtoto mguuni, kidonda kidogo kinachopona baada ya wiki, kisha wiki au miezi baadaye mtoto anaanza kuogopa maji, hawezi kumeza, na hapo hakuna tena daktari awezaye kumrudisha. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa mbwa, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa jirani zetu, Tanzania, makadirio ni vifo kama 1,500 kwa mwaka. Uingereza nzima, mwaka 2022, mwaka uliowatisha watu, mbwa waliua watu wapatao 10.

Ni wachache hapa wanaokumbuka kwamba kifunga mdomo kiliwahi kuwa cha mbwa wa kila mbegu. Mwaka 1897 waziri wa kilimo, Walter Long, aliamuru mbwa wafungwe midomo, tajiri na maskini wakamlalamikia, naye hakulegea. Kufikia 1902 kichaa kilikuwa kimekwisha. Kikarudi 1918 na mbwa walioingizwa kwa siri baada ya vita, kikatokomezwa tena 1922. Waingereza wamepata nafasi ya kubishana juu ya mbegu kwa sababu mate ya mbwa wao hayaui tena.

Mtoto akiumwa leo kilimani, jambo la kwanza ni maji na sabuni, dakika 15 nzima, papo hapo. Waislamu wa Rumonge tayari wamelelewa kuosha palipoguswa na mate ya mbwa, mara saba, moja kwa udongo. Kwao mwendo wa kukimbilia maji upo, iongezwe sabuni tu. Kisha chanjo, siku hiyohiyo, na dozi nyingine siku ya 3, ya 7, mara nyingine ya 14. Hapo ndipo familia inaposhindwa. Chanjo inataka friji, na petroli ya kuifuata iliko imekuwa ya kutafutwa Burundi kwa miaka sasa. Sera ya 2006 ya kuwatibu bure watoto wa chini ya miaka 5 haimfikii mchungaji wa mbuzi wa miaka 8.

Na sisi tulio nje tuna sehemu yetu. Tunajenga mtaa wa Kinindo, Bujumbura, tunajenga Rumonge mjini, tunazungusha ukuta, kisha tunaagiza mbwa mkali: boerboel, rottweiler, German shepherd. Anafungwa mnyororo mchana kutwa, anarushiwa ugali na mlinzi, hajui mkono wa mtu. Ni yuleyule wa uchunguzi wa 2013, tumemtengeneza wenyewe kwa pesa zetu. Ukiagiza, basi alishwe na mtu mmoja anayemjua, azoeshwe watoto wa jirani, achanjwe.

Kuchanja ndiko kunakookoa wengi zaidi. Mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba walifanya hivyo: waliumaliza 2014, ukarudi 2016, wakarudia kuchanja, na kufikia mwisho wa 2018 ukaondoka tena. Kwetu zipo Jumamosi za kazi za maendeleo, ambapo kilima kizima hukutana asubuhi. Watoto wawalete mbwa, maana mbwa wa rugo humfuata mtoto anayemlisha. Ninawaandikia watu wa Bugarama tulio Ulaya tuchange, tuanze na kilima kimoja: dozi, barafu, sindano, posho ya daktari wa mifugo. Petroli ya pikipiki ya kumpandisha huko ndiyo itakayotusumbua, na ndiyo ninayoiombea mchango kwanza.