Wageni wa Masika katika Ukingo wa Ziwa Tanganyika

Neno "baridi" halina maana moja kwa viumbe wote. Kwetu sisi tunaokaa mkoa wa Katavi, baridi ni ya Juni na Julai, pale upepo wa kusini unapolichafua Ziwa Tanganyika na watoto wakaamka alfajiri wakiwa wamejikunja ndani ya kanga za mama zao. Wageni tunaotaka kuwazungumzia katika ukurasa huu wanaikimbia baridi nyingine, ile ya Ulaya, Urusi na Asia ya kati, ambako theluji hufunika mashamba na wadudu wakatoweka. Wao hutufikia kuanzia Oktoba, mawingu ya kwanza yanapojikusanya juu ya ziwa, na wengi hubaki hadi Machi au Aprili. Baridi yao, kwa hiyo, ndiyo masika yetu.

Nyumba yetu ipo Ikola, wilaya ya Tanganyika, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda mjini. Mpanda wengi wanaijua kwa reli: tawi lake kutoka Kaliua lilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulikufa, reli ikabaki, na mji ukaendelea kuishi kwa mpunga, mahindi, asali na dhahabu. Barabara ya ziwani hupita katika misitu ya miombo, mizinga ikining'inia mitini, kisha ardhi huinama na msafiri akaliona ziwa limelala mbele yake bila mwisho upande wa kaskazini wala wa kusini. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 670, na kina chake hufika mita 1,470. Duniani pote ni Ziwa Baikal la Urusi pekee lenye kina kikubwa zaidi. Ng'ambo ni Kongo. Siku iliyonyeshewa na kutakata, milima yake huonekana kana kwamba mtu angeweza kuita na akaitikiwa.

Asiyewahi kukaa kwenye mwalo wa dagaa hudhani kwamba siku za wavuvi zinafanana. Hazifanani hata kidogo, kwani zinatawaliwa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na sola. Mitumbwi husimama katika giza, nuru huwavuta samaki juu, na wavu huwainua. Mwezi unapokuwa mkubwa, mwanga wake huishinda taa, dagaa hutawanyika, na hapana faida ya kutoka. Hivyo mvuvi wa Tanganyika, awe Muislamu au asiwe, huhesabu siku zake kwa hilali. Nasi tumeona neema iliyofichwa humo. Siku nyeupe, yaani tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ambazo ni sunna kuzifunga, huangukia palepale ambapo mitumbwi imepandishwa mchangani. Wanaume wa nyumba yetu huzifunga huku wakishona nyavu chini ya mwembe. Ndugu zetu wa mjini hulalamika kwamba siku hizo huwapita bila wao kujua. Huku kwetu ziwa lenyewe huzikumbusha.

Katika siku za giza mambo hugeuka. Mitumbwi hurudi karibu na adhana ya alfajiri, na akina mama huwa wamekwisha kusimama ufukweni na mabeseni yao. Baada ya sala huanza kazi ya kuanika, na hapo ndipo masika yanapokuwa mtihani. Dagaa wanahitaji jua kali la siku moja. Wakinyeshewa siku mbili mfululizo huharibika, na mali iliyokesha ikitafutwa huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Bibi yetu, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba, huketi kwenye kigoda kando ya vichanja akiwa na fimbo ndefu ya mwanzi. Hutazama mawingu kwa jicho moja na ndege kwa jicho la pili. Ukitaka kuwajua ndege wa Ikola usimtafute mwenye darubini. Mtafute anayelinda dagaa.

Kwake yeye wamegawanyika makundi mawili tu, wezi na wapita njia. Wezi ni mwewe, kunguru na yangeyange. Mwewe ndiye hodari kuliko wote, hushuka bila sauti, akachota na kula akiwa angali hewani. Wapita njia ndio wageni wetu. Mbayuwayu hutangulia, na jioni za Novemba hukata hewa juu ya ua kwa mamia wakifuata kumbikumbi. Mwili wa mmoja wao hauzidi uzito wa gramu 20 au zaidi kidogo, nao husafiri kutoka Ulaya hadi kusini mwa Afrika, mwendo unaoweza kufika kilomita 10,000. Keremkerem hupita juu sana, wakisikika kabla ya kuonekana. Buabua wenye mabawa meupe, waliozaliwa katika mabwawa ya Ulaya ya mashariki na Asia, huelea juu ya ziwa na kudona uso wa maji. Wavuvi wetu huwatazama kwa makini, kwani penye buabua wengi huenda chini yake pana samaki. Vitwitwi hukimbia pembezoni mwa maji, mikia ikitikisika bila kupumzika.

Korongo weupe hatuwaoni kila mwaka. Wakija, huja kwa kundi, nao hupenda mashamba yaliyolimwa karibuni, wakitembea nyuma ya jembe kama wasimamizi wa kazi, wakiokota panzi na viwavi. Ndege huyu ana kisa ambacho watoto wetu hawachoki kukisikia. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua mbayuwayu na korongo huenda wapi wakati wa baridi. Walikuwapo hata wasomi walioamini kuwa mbayuwayu hulala chini ya maziwa hadi joto lirudi. Kisha mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz nchini Ujerumani, aliuawa korongo aliyekuwa na mkuki umepenya shingoni, mkuki wenye urefu wa kiasi cha sentimita 80. Ulipochunguzwa ulionekana kuwa wa Afrika. Ndege yule alichomwa huku kwetu, hakufa, akaruka na jeraha lake hadi Ulaya, na kwa mkuki ule wakajua alikotoka. Amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mjukuu mmoja aliuliza kama mkuki ule haukuwa wa mtu wa Katavi. Hatukuwa na sababu ya kumkatalia.

Swali la mkuki linatuleta kwenye manati. Vijana wa ufukweni, likizo ya Desemba inapofika, hutengeneza manati kwa mpira wa baiskeli na kuyaelekeza kwa kila chenye mabawa. Mwalimu wa madrasa yetu hakuanza kwa kuwachapa. Aliwasomesha kisa cha hudihudi na Nabii Sulaiman (a.s.) katika Suratun-Naml, kisha akawaeleza kuhusu hadithi iliyopokewa na Abu Daud, inayotaja viumbe wanne waliokatazwa kuuawa: chungu, nyuki, hudihudi na ndege aitwaye kwa Kiarabu surad. Watatu wa kwanza hawakuhitaji maelezo, zaidi ya yote nyuki katika mkoa unaojulikana kwa asali yake. Wa nne ndiye aliyezua mjadala. Huyo ni mbwigu, na katika jamii yake yumo mmoja mwenye mgongo wa hudhurungi na utepe mweusi machoni, ambaye huzaliana Ulaya na Asia na kupita kwetu Novemba na Desemba akielekea kusini. Hukaa juu ya kichaka cha miiba peke yake, na panzi anaowakamata wakati mwingine huwatundika kwenye miiba kama mtu aanikaye nyama. Watoto walikuwa wakimwona siku zote bila kumjua kwa jina. Tangu siku ile hakuna aliyemrushia jiwe, ingawa kwa njiwa pori hatuwezi kuwadhamini.

Hayo yote ni furaha ya nyumba. Lakini nyumba yenyewe imo mashakani, na si haki kuwasimulia ndege tukaliacha hilo.

Tangu mwaka 2020 Ziwa Tanganyika limepanda sana, na miji kama Bujumbura, Kalemie na Kigoma imeonja maji katika mitaa yake. Kwetu yalianza kwa kuchukua vichanja vya mbele. Kisha yakafika kwenye jiko la nje, lile la nyasi ambalo Bibi alipikia kwa miaka mingi ugali wa muhogo na migebuka ya mawese. Leo mahali pa mafiga pana kina cha goti, matete yameota, na vitwitwi kutoka Urusi wanatafuta riziki yao palepale ambapo sisi tuliketi kwenye mkeka. Ni mandhari nzuri, tunakiri, na mgeni aliyetutembelea Januari alisifu. Bibi alinyamaza.

Ziwa hili lina tabia hiyo tangu zamani. Mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Lukuga upande wa Kongo. Katika karne ya 19 mlango huo ulizibwa na mchanga na majani, ziwa likajaa hadi karibu mwaka 1878, kisha kizuizi kikapasuka na maji yakashuka kwa mita nyingi katika miaka iliyofuata. Wabelgiji walijenga ngome yao Karema, kusini mwa hapa, mwaka 1879, wakati maji yangali juu. Wakaaji wa pwani ile walishuhudia ardhi mpya ikitokeza mbele yao. Wazee hushikilia habari kama hizo na kusema: yatarudi. Huenda. Lakini mwenye kuwa na watoto wadogo hawezi kungoja miaka 15 akiwa na ndoo mkononi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza ujenzi na shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na nyumba ya babu ilijengwa kabla yake. Mita hizo zilipopimwa kwa macho zamani, tulikuwa nje ya mpaka. Sasa ukingo umetufuata wenyewe.

Mwaka 2024 tulipata mtihani mwingine. Kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti Serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa kwa miezi 3, kwa mujibu wa makubaliano ya Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, ili samaki wazaliane. Tulilima bustani, tukauza mawese, tukakopa. Wageni wa kaskazini walikuwa wamekwisha kuondoka, wakabaki wenyeji: mnandi, mdiria na furukombe mwenye kichwa cheupe, nao waliendelea kuvua kama kawaida. Mtoto mmoja alipouliza kwa nini mnandi hakuzuiwa, baba yake alimjibu kwamba mnandi havui kwa taa wala hauzi Mpanda. Jibu hilo tuliliona limetosha kuliko hotuba nyingi.

Wenzetu wa Sitalike, mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, wana shida iliyo kinyume na yetu. Hifadhi ile, iliyoanzishwa mwaka 1974, inategemea Mto Katuma unaoyalisha mabwawa ya Katavi na Chada. Masika mbuga hugeuka bahari ya majani, na mwari na korongo hutua humo. Kiangazi viboko husongamana kwa mamia katika matope yaliyobaki, kwa kuwa maji mengi huchepushwa huko juu kwenye mashamba ya mpunga. Tulipowatembelea ndugu zetu Septemba, mto pale ulikuwa madimbwi tu. Sisi tunahama kwa wingi wa maji, wao wanayahesabu kwa ndoo, na baina yetu ni safari ya siku moja.

Bibi alikubali mwezi wa Rajabu. Hakuna aliyemshawishi, asubuhi moja alisema tu kwamba kiwanja cha juu, kwenye michikichi, kina upepo mzuri. Sharti lake ni moja, kuwa dirisha la chumba chake litazame ziwa, ili aendelee kuvilinda vichanja hata akiwa ndani. Matofali yamefyatuliwa na kufunikwa kwa nyasi, yakingoja jua la Mei.

Machi imeingia. Mbayuwayu wameanza kujipanga kwenye waya wa umeme, wakinyooshana mabawa. Watoto wamegundua jambo ambalo hatukuwa tumelifikiri: wanapoondoka huelekea kaskazini, karibu upande uleule ambao mikeka yetu ya sala huutazama. Bibi ameagiza mlango wa nyumba mpya usiwekwe taa kali, kwa kuwa mwaka jana mbayuwayu wenyeji walijenga kiota juu ya kizingiti cha ile ya zamani, naye anataka kuwaachia nafasi.