Mihuri ya Mjomba na Namba za Dukani

Zamani pale Kasaji, mji wa Katanga nchini Kongo, mtu akiona mkanda mzuri wa ngozi aliuliza: umepigwa na nani? Mafundi walikuwa wachache, kila mmoja na mihuri yake ya kupigia nakshi aliyojichongea, na aliyezoea soko alimtambua fundi kwa kutazama tu kiuno cha mpita njia. Leo kibandani kwangu Kolwezi mteja ananinyooshea simu yenye picha na kuuliza: Papa, huu ni muhuri namba ngapi?

Aliyenifundisha kazi ni mjomba, kaka wa mama, kwa sababu kwetu Wachokwe mtoto huhesabiwa ukoo wa mama. Alishona viatu, mikanda, ala za visu na mifuko ya Biblia ya wazee wa kanisa. Mihuri yake aliitengeneza kwa bolti za malori yaliyokufa na misumari minene. Alikata kichwa cha bolti, akakisawazisha kwa tupa, kisha kwa tupa ndogo ya pembe tatu akachimba mistari mpaka ukatokea msalaba, nusu mwezi, jicho au meno ya msumeno.

Ngozi aliiloweka mwenyewe kwa wiki nyingi pamoja na magome ya miti ya miombo. Ngozi ya magome hupokea alama na kuishika. Ile ya dawa za kromu, ambayo ndiyo nyingi viwandani siku hizi, ukiipiga hujiinua tena. Hata ya magome hutaka unyevu wa kiasi: ikilowa mno mistari huvurugika, ikikauka mno alama haipati kina. Mjomba aliigusisha shavuni. Akisikia ubaridi bila kuachiwa maji, alichukua nyundo.

Tupa ya mkono haichongi mihuri miwili inayofanana kabisa. Msalaba wa mjomba ulikuwa na mkono mmoja mfupi kidogo. Jua la jirani yake lilikosa ncha ya mwale mmoja. Kwa hiyo ulipoletwa mkanda uliokatika ili uungwe kipande kipya, kazi ya kwanza ilikuwa kujua ni muhuri gani uliotumika. Mjomba hakuhangaika na katikati ya nakshi, ambako alama hupandana na kuzaa maumbo yasiyokuwapo kwenye chuma. “Mwipwa, anza pembeni,” aliniambia. Mwisho wa safu, pale muhuri ulipopigwa peke yake au nusu yake, ndipo uso wake halisi unapoonekana. Aliweka karatasi nyembamba juu, akasugua kwa mkaa, akahesabu mistari na kupima upana kwa uzi. Baadaye tu ndipo alipochungulia kina: fundi anayeinamisha nyundo huacha upande mmoja wa kila alama umezama zaidi, na huo ni utambulisho kama sahihi.

Kwa wazee waliomtangulia, nakshi ya ngozi ilihusu viti zaidi kuliko mikanda. Wachokwe walilitwaa umbo la kiti cha Kireno, chenye ngozi iliyonakshiwa na misumari ya shaba ya njano, wakaligeuza kuwa kiti cha chifu. Ngozi ya kukalia ilibaki, misumari ikapangwa kwa safu, lakini masimulizi yakahamia kwenye mbao: watu, vinyago, ndege, shughuli za kila siku. Mjomba alikuwa na misumari michache ya aina hiyo kwenye kopo na hakuitumia ovyo, kwani ilikuwa imeadimika. Reli ya Benguela, iliyoiunganisha Katanga na bandari ya Lobito tangu 1931, ilikatika 1975 vita vya Angola vilipowaka, na bidhaa za upande ule zikakauka. Machi 1977 waasi wa Katanga wa kundi la FNLC waliingia kutoka Angola, Kasaji ikaangukia mikononi mwao, na watu wengi wakakimbilia porini. Familia yetu inasimulia kwamba mjomba aliacha cherehani akabeba mihuri. Cherehani ingeweza kununuliwa tena.

Kilichobadilisha jicho letu hakikuwa vita, bali nguo za tombola. Katika marobota ya nguo kuukuu kutoka Ulaya na Marekani mlikuwa na mikanda yenye majani ya mwaloni, mawaridi, na nakshi iliyosukwa kama ukili. Vijana waliitaka ile ya ukili, nasi tukachonga mihuri ya kuiiga. Hapo ndipo nilipojifunza kutenganisha mkono na mashine. Mkanda wa kiwandani mara nyingi hupitishwa chini ya silinda: tafuta kasoro moja, pima mpaka inapojirudia, kisha pima tena. Umbali ukiwa uleule kila mara, na kina ni kimoja mwanzo hadi mwisho, hakuna nyundo iliyopita hapo.

Simu zilipofika nikagundua kwamba nakshi zile zina majina na namba. Tandy, kampuni ya Texas, huuza mihuri iitwayo Craftool iliyopangwa kwa herufi: X kwa msuko wa ukili, B kwa mihuri ya kushusha kingo, S kwa vipunje vya mbegu, V kwa mishipa ya majani. Mtu anaweza kupata namba, akaagiza, akapokea. Ni msaada mkubwa, lakini namba hukupa umbo tu. Watengenezaji kadhaa huuza maumbo yanayokaribiana, na tofauti ya mstari mmoja huonekana mara tu kipande kipya kinapokaa kando ya cha zamani. Picha nayo hudanganya kipimo. Namwambia mteja aweke sarafu karibu na alama, apige picha kutoka juu, mwanga ukitokea ubavuni ili vivuli vionyeshe kina.

Sasa vijana wanaofanya kazi migodini wananijia na picha za vitu vya kwao wenyewe. Wameona msalaba wa cingelyengelye kwenye paji la uso wa kinyago chetu cha Mwana Pwo, au kurasa za Art décoratif tshokwe, kitabu cha Mbelgiji Marie-Louise Bastin cha mwaka 1961 kilichokusanya nakshi za Kichokwe. Wanataka zipigwe kwenye mkanda. Napiga, lakini kwanza nawaeleza: msalaba ule ulichanjwa usoni na kuchongwa kwenye mti, kwa hiyo hakuna muhuri wa zamani wa kuutafuta. Lazima mtu auchonge upya, na atakayeuchonga atauachia kasoro zake.

Wanafunzi wangu nawaachia kasoro hizo. Kila muhuri mpya tunaupiga mara moja, peke yake, kwenye kipande cha ngozi, na nyuma tunaandika jina la aliyeuchonga na mwaka. Duka la Texas lina namba. Sisi tutakuwa na majina, na atakayeletewa mkanda wetu uliokatika miaka thelathini ijayo atajua amwendee nani.