Pete ya Watu, Mashine ya Watu

Wengi mmetuuliza mbona duka lilifungwa siku mbili na Mfungo Tatu yote ina maharusi. Haya, tunasema.

Tulikuwa Paje na biharusi wetu, picha za kike tupu, maji yamekupwa. Pete yake ina kucha zilizoshika kito, ikawa inanasa lesi ya gauni tuliyokesha tukiishona. Tukamvua, tukaitia kwenye mkebe wa pini. Upepo wa kusi mnaujua. Mkebe ulipinduka kwenye mchanga mbichi, pini zikamwagika na pete nayo. Tulipekua kwa vidole hadi maji yakatufika magotini.

Ilikuwa pete ya mavyaa wake, naye alivishwa na mamake. Biharusi hakulia. Alisema tu, "Dada zangu, nyumbani nitasema nini?" Usiku ule hatukulala. Pete tuliivua sie, kwa mikono yetu.

Shemeji yetu aliwahi kuchimba dhahabu Geita, na bado anayo mashine ya kutafutia: fimbo ndefu, chini ina duara kama sinia, juu kisanduku cha betri na vitufe. Alitupa shingo upande. Duara linaingia majini, alisema, lakini kisanduku hakitaki hata tone. Tukakivika mfuko wa nailoni, tukaufunga kwa lastiki ya kiunoni, ile ya kushonea. Sasa tuna amana mbili, moja imo mchangani.

Bahati mahali tulipaweka alama: mnazi uliopinda huku, vijiti vya mwani kule. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo kesho yake tulifika tukakaa kuyangoja.

Kwenye mchanga mkavu mashine ilikuwa kimya. Ilipofika mchanga mbichi, ikapiga kelele kila mahali. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, na mashine ile ya bara ikidhani kila hatua ni chuma. Shemeji akatuelekeza kwa simu: punguzeni nguvu, duara liwe karibu na mchanga wala lisiinuliweinuliwe, nendeni taratibu, mstari baada ya mstari. Kama kupiga pasi, tukamwambia. Kelele zikapungua, lakini kila ikilia tunachimbua pini yetu wenyewe! Ndipo mmoja wetu akakumbuka sumaku ya dukani, ile ya kuokotea pini sakafuni. Dhahabu haishikwi na sumaku. Tukawa tunaiburura mchangani kwanza, inatoka imeota pini kama nungunungu, kisha mashine inapita nyuma.

Siku ya kwanza tulipata pini, vishikizo vya makopo ya soda, na pete ya fedha isiyo yetu. Siku ya pili ikalia sauti moja isiyotetereka, mbele kidogo ya tulipodhani. Mkono ulizama kiganja kizima. Tulisujudu pale pale, nguo zote maji.

Biharusi tulimpigia baadaye. Kwanza tuliomba ndoo ya maji baridi nyumba ya jirani, tukaosha duara na fimbo, tukafungua kifuniko cha chini kwa sababu mchanga hujificha humo. Kisanduku tulikifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Betri tulizitoa, na mashine ikalala kivulini bila mfuko hadi ikakauka kabisa. Kutu tunaijua sie. Sindano ngapi za cherehani zimetufia kwa hewa hii ya bahari! Shemeji aliikagua kila kiungo, akaiwasha, akanyamaza. Kwake hiyo ni sifa.

Siku hizi pete ikivuliwa, inaingia pochi ya zipu na inakaa shingoni mwa mamake biharusi, si mwetu.

Ile ya fedha ipo dukani. Tumeshawaambia akina mama wa mwani na msikiti wa pale, na tutaitangaza mwaka mzima kama dini inavyotutaka. Ina maandishi kwa ndani. Anayeyajua na aje atwambie.