Namba Iliyo Chini ya Makala

Wapo wasomaji wangu, wengi wao wanafunzi, ambao huniuliza mara kwa mara kuhusu ile namba ndogo iliyo chini ya kila makala ninayoiandika. Hutaka kujua nimeipataje, inamaanisha nini, na kwa nini ni ndogo kuliko walivyotarajia. Mmoja wao alinishauri, kwa nia njema kabisa, niiache programu niliyoiandika kwa mkono wangu na badala yake niweke ile ya kampuni kubwa ya Marekani ambayo, kwa maneno yake, "inamjua kila anayeingia". Hilo la kumjua kila anayeingia ndilo lililonifanya niandike haya.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachohesabiwa. Mtu anapobonyeza kichwa cha makala, simu yake hutuma ombi kwa seva, na seva humrejeshea maandishi. Programu yangu, isiyozidi mistari arubaini, hukaa katikati ya ombi na jibu: huisoma namba iliyohifadhiwa, huiongeza moja, huihifadhi tena, kisha huionesha. Kwa hivyo kinachohesabiwa ni mlango kufunguliwa. Aliyefungua akaondoka papo hapo ni mmoja, na aliyesoma mpaka nukta ya mwisho ni mmoja vilevile. Aliyerudi mara tano huonekana kuwa watu watano. Roboti za Google na wenzake, zinazozunguka usiku na mchana kukusanya maandishi, zingekuwa ndizo wasomaji wangu wakubwa kama nisingeweka sharti la kuzikataa zile zinazojitambulisha. Zisizojitambulisha hupita, na sina namna.

Ipo njia inayosifiwa ya kupunguza kasoro hizi, nayo ni kuhifadhi anwani ya intaneti ya kila anayeingia ili asihesabiwe mara mbili kwa siku moja. Huenda njia hiyo ikafaa pale ambapo kila nyumba ina laini yake. Kwetu Tumbe haifai. Anwani za mfumo wa zamani wa intaneti hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima, vifaa ni vingi zaidi ya hapo, na kampuni za simu hulazimika kuwapitisha wateja wengi katika anwani moja. Kijana aliyeko dikoni Tumbe, mwalimu aliyeko Konde na muuza duka aliyeko Micheweni wanaweza wote watatu kuonekana mbele ya seva kuwa ni mtu mmoja.

Na hata tungeweza kuzitenganisha simu, bado tusingewatenganisha wasomaji. Anayedhani kusoma ni kazi ya mtu mmoja na kioo kimoja hajakaa barazani Pemba baada ya sala ya alasiri. Mmoja hufungua makala na kuisoma kwa sauti, mzee ambaye macho yamemchoka humtaka arudie aya, wa tatu humkatiza kuwa mwandishi hajui asemalo, na mjadala hufika magharibi. Kihesabio changu kimeandika moja. Wengine huyanakili maandishi yote na kuyapeleka katika kundi la WhatsApp, ambamo husomwa na ukoo mzima, wakiwamo walioko Mombasa na Maskati, bila ya mlango wangu kuguswa hata mara moja. Hoja nzito kuliko zote nilizowahi kupingwa nazo zimetoka kwa watu ambao, kwa mujibu wa namba, hawajawahi kunisoma.

Mtu ataniuliza: kama namba ni dhaifu kiasi hiki, kwa nini niioneshe? Jibu langu nimelipata katika mnada wa samaki pale pale Tumbe. Mnadi hupandisha bei kwa sauti mbele ya mvuvi, mchuuzi na mtazamaji asiyenunua kitu, wala hakuna atakayedai baadaye kuwa bei ilikuwa nyingine. Katika nchi hii tumewazoea watu wanaotangaza kuwa wanafuatwa na maelfu bila ya mtu kuoneshwa daftari. Namba ndogo iliyo hadharani inanizuia nami nisijikweze. (Bibi yangu, ambaye hakupenda hata wajukuu wahesabiwe kwa kuchelea kijicho, angenikataza. Kwa namba kama zangu, sidhani kama kuna wa kunihusudu.)

Lakini kuonesha jumla ni jambo moja, na kuhifadhi nani ni nani ni jambo jingine kabisa. Pemba si mahali ambapo mtu huingizwa katika orodha bila ya kujiuliza orodha hiyo itamfikia nani. Mwaka 2009, wakati wa uandikishaji wa wapiga kura, wapo waliorudishwa kwa kukosa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na zoezi lilisimamishwa kwa muda baada ya vurugu. Waliokuwapo hawahitaji mhadhara wangu kujua kuwa daftari lina nguvu ya kumtoa mtu nje kama lilivyo na nguvu ya kumwingiza. Kisha zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018. Zilitaka anayeandika mtandaoni awe na leseni ya shilingi milioni moja kwa mwaka, mbali na ada ya maombi, na wenye vibanda vya intaneti waweke kamera. Kamera ile haimwelekei mwandishi. Inamwelekea msomaji.

Ndiyo maana programu yangu haihifadhi anwani, haiachi kidakuzi katika simu ya mtu, wala haiandiki saa. Daftari la seva, ambalo kwa kawaida hurekodi kila ombi na anwani yake, nimelizima. Ukurasa hupita kwa njia iliyofichwa, kiasi kwamba kampuni ya simu huweza kujua umekuja kwangu lakini haijui umesoma makala ipi. Bei ya haya ni kwamba sijui wasomaji wangu wako wapi wala hurudi mara ngapi. Siku za uchaguzi wa Oktoba 2020, mitandao ya kijamii ilipozibwa, namba iliporomoka ikakaribia sifuri. Nani aliyejaribu kuingia akashindwa, na nani aliyeamua tu kulala mapema, programu haikuniambia.

Akija leo mtu na barua yenye mhuri kutaka kujua nani alisoma makala ya Oktoba, nitampa faili zima bila ya ubishi. Lina safu mbili. Ya kwanza ni namba ya makala, ya pili ni jumla.