Tusikie Upande Wake

Ilikuwa saa nane usiku, bando zinakaribia kuisha, na mimi bado niko macho naangalia dokumentari kuhusu mwigizaji wa Brazil aliyemuua mwigizaji mwenzake. Inaitwa Pacto Brutal, ilitoka Julai 2022, vipindi vitano. Katikati hapo nikajipata naiongelesha laptop: "Sasa huyu jamaa mbona hawamhoji? Si tusikie upande wake?"

Nilisema kwa sauti, peke yangu, kwa nyumba. Halafu nikanyamaza, kwa sababu hayo maneno niliwahi kuyasikia mahali.

Jamaa mwenyewe aliitwa Guilherme de Pádua. Kijana wa Belo Horizonte aliyehamia Rio de Janeiro kutafuta jina, kama vijana wetu wanavyokuja Nairobi na begi moja na namba ya simu ya binamu. Aliigiza jukwaani kwanza. Mwaka wa 1992, akiwa na miaka 22 hivi, akapata nafasi yake ya kwanza kubwa kwenye televisheni: telenovela ya De Corpo e Alma, kituo cha Globo, zile za saa mbili usiku ambazo Brazil nzima ilikuwa inakalia. Alikuwa Bira, dereva wa basi, mwanamume wa wivu, anayempenda msichana anayeitwa Yasmin.

Yasmin aliigizwa na Daniella Perez. Alikuwa na miaka 22, mcheza densi, na nyota yake ilikuwa inapanda kwa kasi. Aliyeandika telenovela yenyewe ni Glória Perez, mama mzazi wa Daniella. Hebu fikiria hapo kidogo. Kila neno ambalo Bira alimwambia Yasmin, mama ndiye aliyeliandika.

Usiku wa tarehe 28 Desemba 1992, baada ya kurekodi, Daniella hakufika nyumbani. Mwili wake ulipatikana kichakani huko Barra da Tijuca, umechomwa mara 18. Guilherme alienda hadi kituo cha polisi kumpa pole Glória na mume wa Daniella, Raul Gazolla, ambaye pia ni mwigizaji. Alisimama mbele yao akaigiza huzuni. Kilichomponza ni kwamba mpita njia, wakili, alikuwa ameona magari mawili yamesimama mahali pa ajabu akaandika namba zake. Kufikia siku iliyofuata Guilherme alikuwa ndani. Mkewe, Paula Thomaz, msichana wa miaka 19 aliyekuwa mjamzito, naye akashtakiwa pamoja naye.

Siku hiyo hiyo, tarehe 29, Rais Fernando Collor alijiuzulu. Rais wa nchi anaachia kiti, na bado kifo cha Daniella kiligombania naye kurasa za mbele.

Na hapo ndipo mambo yalianza kuchanganyika. Picha zilizotumika zilikuwa za Bira na Yasmin wakikumbatiana. Watu wakaongea kana kwamba Bira ndiye aliyemuua Yasmin: wivu, mapenzi, moyo umevunjika. Guilherme naye akaingia hapo hapo. Akadai eti Daniella ndiye aliyekuwa anamtaka, anamwandama, hamwachi apumue. Baadaye akabadilisha maelezo, kisha akabadilisha tena. Yeye na mkewe wakarushiana lawama. Lakini msichana anayesumbua na mwanamume anayesukumwa hadi mwisho, hiyo ilikuwa hadithi ambayo tayari watu walikuwa nayo vichwani. Hakuhitaji kuibuni. Ilikuwa inapita kwa TV kila jioni.

Tena haikuwa ya televisheni peke yake. Mwaka wa 1976 tajiri mmoja wa Brazil, Doca Street, alimpiga risasi mpenzi wake Ângela Diniz akamuua. Mawakili wake walisema alikuwa anatetea heshima yake. Katika kesi ya kwanza, 1979, alipewa miaka miwili ya nje. Wanawake wakaja juu, wakaandamana wakisema anayependa haui. Kesi ikarudiwa 1981, akafungwa miaka 15. Hata hivyo, Mahakama ya Juu ya Brazil ilipiga marufuku kabisa utetezi huo wa heshima mwaka wa 2023 tu. Juzi.

Upande wa mashtaka katika kesi ya Guilherme ulileta sababu tofauti kabisa. Sababu ndogo, hata ya aibu. Nafasi ya Bira ilikuwa inapungua. Guilherme alikuwa akimkalia Daniella azungumze na mamake ili aongezewe sehemu. Alipoona hayumo kwenye vipindi kadhaa vilivyofuata, akaamini kwamba ameshtakiwa kwa mama na anaondolewa. Yaani mapenzi hayakuwemo. Ilikuwa kazi. Ilikuwa dakika za kuonekana kwenye skrini.

Nilipofika hapo nikasimamisha video.

Nimelelewa Umoja, kwa ploti moja ya nyumba kumi na mbili na mfereji mmoja. Jioni watoto tulikuwa tunajazana kwetu kwa sababu TV yetu haikuwa na chengachenga nyingi. Telenovela za Meksiko, midomo inaenda huku, Kiingereza kinaenda kule. Tuliwajua wale watu kuliko tulivyojua walimu wetu. Mwanamume akimshika msichana mkono kwa nguvu, akimwambia huendi popote, kina mama walikuwa wanaguna: "Huyu anampenda kweli."

Usiku mmoja, telenovela ikiendelea, tulisikia nyumba namba sita. Kiti kwanza. Halafu mlango. Halafu sauti ya mama wa pale, si ya kuita mtu, ile ya mtu ambaye amekatwa pumzi. Mama yangu aliinuka. Nilidhani anatoka nje. Akaenda kwa TV akaongeza sauti.

Kesho yake namba sita alikuwa ametolewa, taya imefungwa kwa leso, amepelekwa hospitali na dadake. Hatukumwona tena. Mumewe alibaki. Wazee wa ploti walimkalisha kwa benchi pale mferejini na mmoja wao akasema: "Hebu tusikie upande wake." Akasema amemfuma na mwanamume. Basi. Kufikia Ijumaa ploti nzima ilikuwa inajua mama wa namba sita alikuwa na mpango wa kando. Nilikuwa na miaka kumi. Hata mimi nilibeba hiyo stori shuleni, nikaisimulia vizuri, nikaongezea chumvi, darasa likanisikiliza.

Baada ya dokumentari nilingoja kukuche nikampigia mama. Baada ya salamu nikamuuliza kama anakumbuka mama wa namba sita.

"Namkumbuka sana."

"Ni ukweli alifumwa?"

Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Kufumwa na nani, mwanangu? Ile wiki ilikuwa zamu yake ya chama. Mimi ndiye nilikuwa naweka pesa, nilimpa kwa mkono wangu. Yule mtu alizitaka, akanyimwa. Ni hiyo tu."

"Sasa mbona hamkusema?"

Akakaa kimya kidogo. "Si alikuwa ameshaeleza."

Sikumuuliza juu ya sauti ya TV. Alisema mwenyewe, kabla hatujakata simu, kwamba aliiongeza ili sisi watoto tusisikie. Nilimwambia najua. Sijui kama najua.

Glória Perez alirudi kuandika telenovela yake baada ya siku chache. Alimwandikia Yasmin safari ya masomo ng'ambo. Bira hakumwandikia kitu. Alitoweka tu kwenye hadithi, bila kwaheri, bila maelezo. Halafu akatoka nje kukusanya sahihi. Enzi hizo hakuna intaneti mikononi mwa watu, ni karatasi na kalamu na kusimama mbele za watu. Akapata sahihi milioni 1.3. Mwaka wa 1994 sheria ikabadilishwa: mauaji ya aina hiyo yakaingizwa kwenye orodha ya makosa mazito zaidi, ambayo mfungwa wake hapati nafuu kirahisi. Haikuweza kutumika kwa muuaji wa binti yake, kwa kuwa sheria hairudi nyuma. Alijua hivyo na bado akaifanya.

Guilherme alihukumiwa Januari 1997, miaka 19. Paula, miezi michache baadaye, miaka 18 na nusu. Kufikia 1999 Guilherme alikuwa nje. Akawa mchungaji wa kanisa, akazungumza kwenye runinga na mitandaoni, miaka nenda miaka rudi. Alikufa kwa mshtuko wa moyo Novemba 2022, miezi minne baada ya dokumentari kutoka.

Kwa hivyo swali langu la saa nane usiku lina jibu. Waliotengeneza ile dokumentari hawakumhoji kwa sababu alikuwa ameshaongea karibu miaka 30. Upande wake ndio uliosikika kwanza, na ukabaki unasikika.

Tarehe 27 Januari 2024 tuliandamana hapa Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Nilikuwepo, na bango. Jioni nikafungua simu nikasoma watu wakiuliza marehemu fulani alikuwa anatafuta nini kule alikouawa, na wengine wakisema tungoje tusikie pande zote mbili. Niliwakasirikia sana. Sikukumbuka ya namba sita hata kidogo.

Nilimuuliza mama jina lake. Sote tulimwita kwa jina la mtoto wake. Mama akasema ngoja nifikirie, ni kitambo. Siku mbili baadaye akanitumia ujumbe, majina mawili, na chini yake: "Alikuwa mtu wa kulipa kwa wakati."