Spea ya Televisheni ya Chogo

Ukiifungua televisheni ya chogo iliyokaa miaka mingi Msimbati au Mikindani, kwanza hukuta kutu. Upepo wa chumvi utokao baharini hula waya na miguu ya rezista, na joto hukausha kapasita hata zikavimba vichwa. Kidude kidogo kuliko kisoda huinyamazisha nyumba nzima.

Spea yake itapatikana wapi? Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mvua za masika zilitutenga na Dar es Salaam, na mafundi wetu wakazoea kutosubiri. Waliipasua mizoga ya redio na televisheni nyingine. Kapasita ya mikrofaradi 100 na volti 25 hurithiwa na yenye mikrofaradi hizo hizo, na volti 25 au zaidi. Ya volti 16 haifai, hata ikiwa pacha wake kwa umbo. Hiyo ndiyo fizikia tuifundishayo kwa chaki.

Matangazo ya analojia yalianza kuzimwa nchini mwishoni mwa 2012, lakini chogo huonyesha bado kwa king'amuzi. Kinachotusikitisha ni mizoga kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Ghala letu la spea linapakiwa malorini! Shule ingeweza kununua miwili mitatu, ikamwalika fundi wa mtaani, wanafunzi wakaandika kila anachokichomoa. Ila kioo wasikiguse: huhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.